Darasa la Alkhamisi: namna ya kumrudishia imani kijana aliyejikatia tamaa na masomo

Kijana wa Kidato cha Pili akishaacha kuuliza maswali, hachukui muda ataacha kuandika, na akishaacha kuandika, siku moja utamkosa kabisa. Utaambiwa yuko dago, kambini na wavuvi, au yuko shamba anachuma karafuu, na ukihesabu utaona msimu umekwisha wiki mbili nyuma. Nimefundisha Pemba miaka mingi, na haya nayaandika kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kuwawahi vijana hao mapema. Ni mpango wa wiki nane wa darasa dogo nje ya saa za skuli. Vifaa vyake ni mizani ya jikoni, majamvi mawili, ubao, chaki, na daftari nene la mwalimu.

Kabla hujaanza, lishike hili. Kijana aliyefeli miaka mitatu mfululizo ameshaambiwa "unaweza" mara nyingi sana, na kila alipojaribu hakuweza. Neno hilo kwake limechuja. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alieleza mwaka 1977 kwamba mtu huamini kuwa analiweza jambo kwa njia nne: kulifanya mwenyewe akafaulu, kumwona mtu wa hali yake akilifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na vile mwili wake unavyohisi wakati huo, moyo umetulia au unakwenda mbio. Katika nne hizo, yenye nguvu zaidi ni ya kwanza. Sisi walimu tunaipenda ya tatu kwa sababu haitugharimu kitu. Mpango huu wote umejengwa juu ya ile ya kwanza: kila Alkhamisi kijana atoke na kitu alichokifanya kwa mkono wake, kiwe cha kweli, kiwe na ugumu wake, na aweze kumwonyesha mwenziwe.

Hatua ya 1: Mwalike mmoja mmoja

Usibandike orodha ya majina ukutani, wala usiliite darasa la waliofeli. Kwetu habari hutembea kwa miguu yake. Jina ulilobandika saa nne asubuhi, Magharibi mama yake ameshalisikia. Mimi huliita Darasa la Alkhamisi, basi. Mfuate kila kijana peke yake, njiani au wakati wa mapumziko, na umwambie kwa nini umemtaka yeye.

Wasizidi 16. Kati yao watie watatu au wanne wa wastani, wale wanaopata alama za kupitia hapo hapo mlangoni. Usiwatie vinara wa darasa. Kijana aliyezoea kushika mkia akimwona kinara anafaulu, hashughuliki nalo, maana amezoea kuliona. Lakini akimwona mwenziwe waliyekuwa wakikaa benchi moja nyuma ya darasa anakamilisha hesabu, hapo hugeuza shingo.

Kisha nenda majumbani, na kwa wasichana nenda bila kukosa. Usianze na alama zake. Sema na mwenye nyumba kwa adabu: "Bibi, nimekuja kukuomba mjukuu wako siku ya Alkhamisi baada ya Alasiri. Kabla ya Magharibi atakuwa amerudi, na wanarudi wanne pamoja kwa njia hii hii." Bibi akishajua saa na akijua anarudi na nani, mengi yameisha.

Hatua ya 2: Chagua saa ambayo haigombani na maisha yao

Vyuo vingi vya Qurani hufunga Alkhamisi na Ijumaa, ndiyo maana nimeichagua Alkhamisi. Tunaanza saa 10:00, Alasiri imeshaswaliwa, tunamaliza saa 11:20. Wanaosoma mkondo wa jioni watafutie asubuhi yao. Msimu mkubwa wa karafuu ukishika, usishindane nao. Sogeza wiki, au lipeleke darasa lenyewe kwenye karafuu, kama nitakavyoeleza.

Hatua ya 3: Ongea naye dakika kumi, halafu andika

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ikirukwa, mengine yote hayashiki. Kabla ya Alkhamisi ya kwanza kaa na kila mmoja, nje ya ofisi. Muulize akitoka skuli hufanya nini mpaka usiku. Muulize ni jambo gani analijua yeye ambalo wewe mwalimu hulijui. Mwisho muulize siku ya mwisho kuinua mkono darasani ilikuwa lini, na ilikuwaje.

Swali la pili huwashangaza. Wengine hujibu "hakuna" kwanza. Nyamaza, ngoja. Kisha yatatoka: kuna anayejua kushona wavu uliochanika, kuna anayelima mwani na mama yake tangu ana miaka tisa na anajua siku zipi za bamvua (maji makubwa) maji yatapwa mbali, kuna anayeliendesha genge la kuuzia mboga la kaka yake na kuhesabu chenji bila karatasi. Kila mmoja mpe ukurasa wake katika lile daftari. Juu andika analolijua. Chini acha wazi, patajaa.

Hatua ya 4: Tafuta pale alipoachia

Usiwape mtihani. Mtihani ndio uliowafikisha hapa. Siku ya kwanza wape karatasi fupi za kufanya wawili wawili: aya moja ya Kiswahili ya kusoma na kusimulia, jedwali la mara mpaka 12, sehemu tatu za hesabu (kama nusu, theluthi na robo) za kupanga kutoka ndogo hadi kubwa, na sentensi tano za Kiingereza chepesi za kulinganisha na picha. Wewe zunguka, tazama mikono yao.

Utakuta kijana anayeshindwa kutafuta thamani ya herufi kwenye aljebra tatizo lake si aljebra. Anadhani robo ni kubwa kuliko theluthi kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Aliachia hapo, darasa la nne au la tano, na tangu siku hiyo kila kilichowekwa juu yake kinayumba. Anzia hapo alipoachia, hata kama ni chini kuliko ulivyotaraji, ila usimpe kitabu cha watoto. Ana miaka kumi na sita na ana haya zake. Hesabu iwe ya darasa la nne, jambo lenyewe liwe la mtu mzima.

Hatua ya 5: Somo lenyewe, kwa mfano wa karafuu

Nieleze somo moja kwa urefu, maana mengine hufuata njia hiyo hiyo.

Saa 10:00 tunakaa jamvini, duara, mwalimu naye chini. Dakika kumi za mwanzo ni za maji na muhogo wa kuchemsha. Wengi wamekula asubuhi tu, na tumbo tupu huonekana kama uvivu. Baada ya hapo dakika 25 za kazi ya mkono, 25 za kitabu, 15 za kuelezana wawili wawili, na tano za mwisho kila mtu anaandika.

Siku ile nilileta karafuu mbichi zilizokwisha kuchambuliwa makonyo (vijiti vyake), nikapima gramu 300 mbele yao. Nikauliza: zikikauka zitabaki gramu ngapi? Mmoja akasema 250. Mwengine 200. Kulikuwa na kijana, nitamwita Hamadi ingawa si jina lake, alikuwa na Alkhamisi mbili hajafungua kinywa. Aliinama akachota chache, akaibinya moja kwa ukucha wa dole gumba, akainusa, akazirudisha. Akasema huku anatazama jamvi: "Mia, Maalim. Mia na kidogo."

Nikamuuliza amejuaje. "Kwa babu kilo tatu mbichi hutoka kilo moja."

Sikumsifu. Nilimwambia: "Andika ubaoni kila mtu alichosema, tuje tuone." Akaandika pembeni kabisa mwa ubao, herufi ndogo ndogo, na mimi nikaziacha pembeni hapo hapo. Karafuu tukazianika, mzee mmoja jirani akatusaidia kuzitunza na kuzigeuza juani. Alkhamisi iliyofuata tukazipima: gramu 104.

Hapo hesabu ilikuja yenyewe. Zimepungua ngapi? 196. Ni asilimia ngapi ya 300? Hamadi alikwenda tena ubaoni, safari hii akaandika katikati. Ilimchukua muda, alifuta mara mbili, akafika kwenye 65 na kidogo. Kisha akawapa wenziwe swali lake: mtu amechuma kilo 45 mbichi, tuseme kilo kavu inauzwa shilingi 15,000, atapata kiasi gani? Nusu ya duara walikosa kwa kuzidisha karafuu mbichi. Yeye ndiye aliyewasahihisha, na akawaonyesha kwamba wanatakiwa kwanza wagawe kwa tatu, zibaki kilo 15, ndipo wafike kwenye 225,000.

Ukifika hapo usisimame, na hili nimejifunza kwa kuchelewa. Siku hiyo hiyo fungua kitabu chao cha skuli, ukurasa wa asilimia, uwape swali la kitabuni lenye hesabu ile ile: bei ya kitu imepungua kutoka kiasi fulani hadi kiasi fulani, tafuta asilimia. Waonyeshe kwa kidole: hii ni 300 yetu, hii ni 104 yetu. Usipovuka nao daraja hilo, kijana ataondoka akijua kwamba yeye ni hodari wa karafuu, jambo alilolijua tangu zamani, na kitabu kitabaki adui.

Msimu wa karafuu haupo? Tumia bahari. Maji hujaa kila siku kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Yakijaa leo saa 4:00 asubuhi, kesho yatajaa saa ngapi, na keshokutwa? Vijana wa wavuvi wanajibu kabla hujamaliza kuuliza. Kazi yako ni kuwapa namna ya kuliandika. Kwa Kiswahili na Kiingereza, mwenye kujua kushona wavu aandike hatua sita za kushona wavu. Kwa biolojia, mwenye kulima mwani aeleze kwa nini hafungi kamba maji yanapokuwa ya moto.

Hatua ya 6: Lugha isimfunge mdomo

Masomo mengi ya sekondari kwetu yanafundishwa kwa Kiingereza, na vijana wengi tunaowaita wazito wana jibu kichwani, wamekosa maneno ya kulitolea. Katika darasa hili kila fikra ianze kwa Kiswahili. Kwanza afikirie peke yake. Kisha amweleze jirani kwa Kiswahili. Kisha wawili hao waandike sentensi moja ya Kiingereza, wewe umeshawapa mwanzo wake ubaoni, wao wamalizie. Mwisho aisome kutoka kwenye karatasi, amekaa. Kusoma kutoka kwenye karatasi si udhaifu. Mikono ina kitu cha kushika.

Mwaka wa kwanza nililifanya kinyume. Nilimsimamisha msichana mmoja siku ya kwanza ajitambulishe kwa Kiingereza. Alisimama, akaushika mtandio wake kwa vidole viwili, akautazama mlango. Nikangoja, nikidhani namsaidia. Alkhamisi iliyofuata hakuja, wala ile iliyokuja baada yake. Nilikwenda kwao nikamtaka radhi mbele ya mama yake. Alirudi wiki ya tano, akakaa karibu na mlango, na nilimwacha akae hapo mpaka mwisho.

Hatua ya 7: Kungoja, kusifu, na kosa

Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, aliwapima walimu muda wanaongoja baada ya kuuliza swali. Wengi walingoja kama sekunde moja tu. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na wanafunzi waliodhaniwa hawajui wakaanza kuchangia. Mimi hupima kwa kusema "Subhanallah" mara tatu moyoni, taratibu. Ila swali lenyewe liwe wameshalijadili na jirani. Kimya baada ya kufikiri humpa nafasi. Kimya cha kusimamishwa ghafla ndicho kilichomfukuza yule msichana.

Ukimsifu, taja kitu. "Hodari" halimwambii chochote. "Umefuta mara mbili, halafu ukarudi kuangalia unagawa kwa ngapi" linamwambia alichokifanya, na kesho anaweza kukifanya tena. Usimsifu kwa jambo jepesi mno. Kijana anajua, na atafahamu kuwa humtarajii makubwa.

Kuhusu kosa, mimi huandika moja ubaoni kila wiki, langu au la kubuni, lisiwe la mwanafunzi, nao wanatafuta mtu huyo alikuwa akifikiri nini. Na kucheka: sheria ya darasa ni kwamba mwenye kumcheka mwenziwe ndiye atakayemsaidia kulimaliza swali hilo. Itamke siku ya kwanza kwa utulivu, na uitekeleze tangu mara ya kwanza itakapotokea, hata kama anayecheka ni kijana unayempenda. Bakora iache ofisini. Moyo unaokwenda mbio hausikii hesabu.

Hatua ya 8: Wiki nane zinavyokwenda

Wiki mbili za kwanza hakuna kusimama kabisa. Ya tatu na ya nne ni kuelezana wawili wawili. Ya tano na ya sita, kila mmoja anawaeleza watu wanne jambo lililoandikwa juu ya ukurasa wake.

Wiki ya saba ndiyo kubwa. Waombee ruhusa waende skuli ya msingi ya jirani, kila mmoja akae na watoto wawili wa darasa la tano au la sita awafundishe sehemu au asilimia kwa nusu saa. Wape wiki nzima kujiandaa. Utawaona wanavyojitayarisha, utadhani wanakwenda harusini. Kijana ambaye hajawahi kuitwa mwalimu akisikia mtoto anamwita "Maalim, hapa sijafahamu", huinama karibu na daftari la yule mtoto na kuanza upya kwa sauti ya chini. Usimwingilie, hata akikosea kidogo. Mtasahihisha jamvini.

Wiki ya nane waalike wazazi, kwa muda mfupi, bila hotuba za wakubwa. Kila kijana na kitu chake mezani, mzazi apite aulize.

Njia nzima pima kwa alama za penseli katika lile daftari: amesema mara ngapi bila kuulizwa, amelianza swali gumu au ameliruka, amehudhuria au la. Alama za mtihani zitachelewa kupanda kuliko hizi, mweleze mzazi mapema asivunjike moyo.

Hatua ya 9: Likizidi darasa

Asiyeuona ubao apelekwe hospitali kupimwa macho. Nimewahi kumwita mvivu mtoto aliyekuwa haoni. Anayelala kila siku, muulize analala saa ngapi na anakula nini. Na ukiona alama za kupigwa, hofu ya mtu fulani, au maneno ya kutaka kujidhuru, usiahidi kuiweka siri. Mwambie kwa upole kuwa utatafuta msaada, kisha mfikie mwalimu wa ushauri nasaha na mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, na baadhi ya hospitali za Unguja na Pemba zina vituo vya Mkono kwa Mkono, vya kuwasaidia waliofanyiwa ukatili.

Hatua ya 10: Mrudishe darasani kwao

Wiki nane zikiisha, kijana anarudi kwa walimu wale wale na benchi lile lile. Nenda kwa kila mwalimu wake kabla ya Jumatatu. Muombe jambo moja: wiki hii amuulize kijana huyu swali moja, na kijana alijue swali tangu siku ya kabla yake. Mtajie pia analolijua, kutoka juu ya ukurasa wake. Mwalimu wa jiografia wa Hamadi alilichukua hili kwa uzito. Alipofika kwenye mazao ya biashara alimwachia dakika kumi za kipindi, na baada ya hapo akaniambia kuwa alipata mawili matatu ambayo yeye hakuyajua.

Ukurasa wake uchane kwenye daftari, umpe. Wewe bakia na nakala, kwa ajili ya Alkhamisi ya msimu ujao, atakapokuja kukusaidia kutandika majamvi.